Wiki Ambayo Glenys Torpey Alikataa Kuandika "Bega"

Pale Tarrawil, mji wetu mdogo wa wakulima Australia, ukitaka kujua kama timu yetu inashinda au inafungwa, huna haja ya kutazama uwanjani. Tega sikio umsikilize Glenys Torpey. Akimwita mwamuzi "mpenzi wangu," tunaongoza. Akimuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya siku za Jumamosi, tumebanwa.

Glenys ni mhudumu wa timu. Kwa miaka thelathini na moja amekimbia kwenye nyasi zile akiwa na mfuko wa bandeji begani, chupa za maji mkononi na barafu kwenye ndoo. Siku za kazi alikuwa kwenye mizani ya maghala ya ngano, akipima malori mpaka alipostaafu, na madereva wa wilaya nzima walimheshimu kwa sababu hakuwahi kumwongezea mtu hata kilo moja. Ni mwanamke mfupi, mwenye miaka sitini na sita, magoti yamechoka, lakini mchezaji akianguka hutamuona akitembea. Mimi nilikuja hapa kufundisha shule nikiwa kijana, nikabaki, na kazi yangu Jumamosi ni kupanda ngazi ya ubao wa magoli na kutundika namba. Kutoka kule juu nimeona mengi, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Kabla ya kila mechi, Glenys husimama kwenye uzio na Nev Pascoe, mkulima wa shayiri mwenye miaka themanini na moja, nao hugombana kuhusu mpira wetu wa Kiaustralia, ule wa kudaka kwa mikono, wenye robo nne na goli la pointi sita, kama mke na mume.

"Umetazama ligi kubwa jana?" Nev huanza. "Goli, tangazo la kamari. Goli, tangazo la kamari. Mjukuu wangu ana miaka tisa, anajua kubeti kuliko anavyojua kuzidisha!"

"Ukazima televisheni?"

"Nizime vipi, tulikuwa nyuma kwa pointi mbili tu!"

"Basi funga mdomo, Nev."

"Na waamuzi je? Zamani ukikamatwa ukiwa na mpira mikononi, ni kosa, basi. Siku hizi mwamuzi anasimama pale kama anasubiri barua kutoka makao makuu ya ligi Melbourne."

"Hapo nakuunga mkono. Sheria wanazibadilisha kila mwaka, hata wao wenyewe hawazijui. Halafu vijana wetu wakifika miaka kumi na saba wanawachukua, wanatuachia nyinyi wazee na mipira iliyochubuka."

Hivyo ndivyo walivyo. Ila palikuwa na jambo moja ambalo Nev akiligusa, Glenys hakujibu.

"Na haya mambo ya kichwa!" Nev angesema. "Mtu akikunwa sikio tu, wiki tatu nje. Mpira umekuwa wa kunywea chai."

Glenys angeinama akapanga upya bandeji zake, ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nililiona hilo miaka mingi nisilitilie maanani.

Mwaka ule timu yetu ilicheza mpira ambao hatukuwa tumeuona tangu 1987, mwaka tuliochukua kombe kwa mara ya mwisho. Moyo wa timu alikuwa Brodie Kinnersley, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkata manyoya ya kondoo, mwenye mikono mirefu na miguu isiyochoka. Mpira ukiwa juu, macho ya mji mzima yalimtafuta yeye. Tulifika nusu fainali, na katika robo ya tatu Brodie akaruka kudaka mpira huku akirudi nyuma, asimwone mtu anayemjia. Alitua kisogo kikigonga goti la mpinzani.

Aliinuka mara moja. Alicheka hata. Watu wakapiga makofi, mchezo ukaendelea upande wa pili, na karibu kila mtu akaufuata mpira kwa macho. Glenys alikuwa ameshafika kwake.

"Tuko wapi, Brodie?"

"Uwanjani, Glen. Unadhani kanisani?"

"Robo ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Wiki iliyopita tulicheza na nani?"

Brodie alitaja timu tuliyocheza nayo mwezi wa sita.

Alimshika kiwiko akamtoa nje polepole. Kwa sababu kwenye benchi kijana aliishikilia barafu begani kwanza, watu wakadhani ni bega. Tulishinda kwa pointi tisa. Usiku ule baa ilijaa mpaka bia ikaanza kunywewa barabarani, na Brodie mwenyewe alikwenda kulala saa mbili akisema amechoka.

Sasa, sheria inasema mtu aliyetikisika ubongo akae nje siku ishirini na moja. Fainali ilikuwa baada ya siku saba. Na fomu ya majeruhi, inayotiwa sahihi na mhudumu wa timu, ilitakiwa ifike kwenye ligi ya wilaya Jumatatu kabla ya saa sita mchana.

Jumapili alasiri mwenyekiti wa klabu, Gavan Mulquiney, aligonga mlango wa Glenys akiwa na sanduku la keki za vanila kutoka duka la mikate. Gavan si mtu mbaya. Ukame ulipotupiga, ni yeye aliyeleta maji ya uwanja kwa lori lake mwenyewe. Yaliyosemwa siku ile nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, na hayapishani.

"Keki za nini?" Glenys aliuliza.

"Mtu hawezi kumletea rafiki yake keki?"

"Tumefahamiana miaka arobaini, Gavan. Hujawahi kuniletea hata biskuti."

Gavan akakaa. Akazungusha kikombe cha chai. "Ile fomu. Umeshaijaza?"

"Bado."

"Watu wengi waliona ni bega."

"Watu wengi walikuwa wanatazama mpira."

"Glen, sikiliza. Nimeongea na kijana asubuhi. Anakula, anacheka, anakumbuka kila kitu. Miaka thelathini na minane bila kombe! Wengi wa wale vijana hawakuwa wamezaliwa. Shule imebaki na watoto arobaini, benki imefungwa, mwaka kesho labda tutaambiwa tuungane na mji mwingine na jina letu lifutwe. Hii ndiyo nafasi. Neno moja tu. Andika 'bega'."

Glenys alimwongezea chai. Gavan akadhani amekubali, akaaga kwa upole, akaacha keki mezani.

Brodie naye alikuja jioni. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mimi ni mzima, Glen. Kichwa ni changu. Nikikosa hii sitapata nyingine."

"Mbona umevaa miwani ya jua na jua limeshatua?"

Kijana aliisukuma miwani juu puani. Akageuka akaondoka.

Jumatatu saa tatu asubuhi Glenys aliandika kwenye ile fomu: mtikisiko wa ubongo. Akatia sahihi, akaituma, kisha akampigia Gavan simu akamwambia yeye mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine. Gavan alikata simu bila kuaga.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mji wetu una barabara moja yenye maduka, na habari huimaliza kwa dakika kumi. Kwenye duka la mikate walisema Glenys amezeeka, anaogopa kivuli chake. Pale kwenye maghala dereva mmoja alisema ligi kubwa imewatia watu woga kwa sababu inaogopa kushtakiwa na wachezaji walioumia, na sasa woga umefika mpaka vijijini. Mama mmoja alisema afadhali, maana wanawe wawili wanacheza. Mumewe akamwambia anyamaze mpaka Jumapili. Mtu mmoja, sitamtaja, alibandika karatasi kwenye lango la uwanja: AHSANTE GLENYS, KOMBE LIMEKWENDA. Glenys aliibandua, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye pipa la karatasi.

Alhamisi, kama kawaida, tulikusanyika kwenye ukumbi wa klabu kula soseji na kusikia majina ya timu. Ukutani kule kuna picha ya timu ya 1987, na katikati yake Lindsay Torpey, mume wa Glenys, mfungaji wetu mkuu, kombe mikononi, jicho moja limevimba. Lindsay alikuwa amefariki miaka sita kabla.

Gavan alisoma majina. Alipopita mahali ambapo jina la Brodie lingekuwepo, ukumbi uliguna. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Tumeuzwa na watu wetu wenyewe." Brodie alikuwa amekaa pembeni, kichwa chini.

Glenys aliweka sahani yake mezani akasimama. Yule mwanamke ambaye sauti yake inavuka uwanja mzima, siku ile ilibidi tunyamaze kabisa ili tumsikie.

"Mnaiona ile picha," alisema. "Robo ya pili ya fainali ile, Lindsay aligongwa akalala chini kama amekufa. Mapumzikoni aliniuliza kama mbwa amelishwa. Hatukuwa na mbwa. Mhudumu wa wakati ule akaniuliza, 'Mkewe ni wewe, vipi, yuko sawa?' Nikasema yuko sawa. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nililitaka kombe lile kuliko nilivyotaka chakula. Akarudi, akafunga magoli manne, na mpaka leo mnayasimulia. Yeye hakuyakumbuka. Hata siku moja. Mlipokuwa mkimsimulia baa, alikuwa anacheka tu kwa heshima."

Aliigeukia tena ile picha.

"Na haikuwa mara moja. Nilihesabu mpaka saba, nikaacha kuhesabu. Mnajua alivyoishia. Miaka minane ya mwisho aliweka viatu kwenye friji, akaniita kwa jina la dada yake, akanisukuma siku moja kwa sababu alidhani nimeingia nyumbani kwake kuiba. Daktari hakusema ni mpira. Hakusema si mpira pia. Mimi naupenda mchezo huu, hakuna mtu humu ndani atakayeniambia anaupenda zaidi. Lakini nilisema uongo mmoja kwa ajili ya kombe, na kombe lenyewe lipo pale kwenye kabati, mnaweza kulitazama. Wa pili sisemi. Kama mnataka mhudumu mwingine, mfuko ule pale."

Akakaa. Akachukua sahani yake, lakini hakula.

 Halafu Nev Pascoe, kutoka kwenye kiti chake karibu na hita, akakohoa. "Mimi bado nasema mpira umekuwa laini," alisema. "Lakini nani atakimbia na ule mfuko, mimi? Nina nyonga ya chuma. Mwenyekiti, endelea na majina."

Watu wengine walicheka. Si wote. Wakati wa kutoka, wachache walimgusa Glenys begani, na wengine walipita wakitazama viatu vyao. Gavan alikuwa mmoja wa hao wa mwisho.

Jumamosi palipambazuka baridi, anga limesafishika, jua kali la mwezi wa tisa. Magari yalikuja tangu saa mbili kushika nafasi kuzunguka uzio, pua zikitazama uwanja, watu ndani na themosi zao na mablanketi. Brodie alikuwa ameomba kubeba maji, Glenys akakataa kumruhusu akimbie. Alimpa kiti kando ya benchi, kofia pana, na onyo: "Ukiinuka kushangilia nitakufunga kamba."

Wapinzani walianza kama waliotumwa. Mpaka mapumziko walikuwa mbele kwa magoli matatu, nami kule juu mikono ilikuwa baridi kwa kutundika namba zao. Vijana wetu walijikaza, na kila walipofunga, magari yetu yote yalipiga honi, kama ilivyo desturi; honi mia mbili kwa pamoja, utasema meli imeingia shambani.

Ni kutoka juu kule nilipomwona Brodie. Honi zilipolia kwa goli letu la nne alishika kichwa kwa mikono miwili, akainuka, akaenda akiyumba nyuma ya banda la kubadilishia nguo. Akatapika. Akashika ukuta, akatapika tena. Kisha akakaa chini kwenye changarawe, kofia usoni, akijaribu kujikinga na mwanga.

Gavan alikuwa anatoka chooni. Alimkuta pale.

Sikuweza kusikia walichosema. Baadaye Brodie aliniambia kwamba Gavan aliuliza swali moja tu, "Imekuwa hivi wiki nzima?" na yeye akasema ndiyo, na usiku ni mbaya zaidi, na hakumwambia mtu kwa sababu alitaka kucheza. Nilichokiona mimi ni mwenyekiti wa klabu akipiga magoti kwenye changarawe na suti yake ya fainali, akiwa amemfunika kijana yule kwa koti lake. Alikaa hivyo muda mrefu. Mapumziko yalikuwa karibu kwisha alipoinuka.

Ndipo alipoanza kutembea. Alianza gari la kwanza upande wa lango, akagonga kioo, akainama, akasema neno, akaenda gari la pili. Akagonga, akainama, akasema. Robo ya tatu ilianza na yeye bado anatembea, mgongo ameupa mchezo ambao aliusubiri miaka thelathini na minane. Alizunguka upande wetu wote, kisha, mbele ya macho yangu, akaendelea upande wa wapinzani.

Dakika chache baadaye tukafunga. Nikajiandaa kwa ule mlio. Haukuja. Badala yake, kuzunguka uwanja, mchana kweupe, taa za magari zikaanza kuwaka na kuzima, moja, kumi, mia. Kimya kabisa. Watu walikuwa wametoa mikono madirishani, wameinyanyua juu, midomo imefumbwa, nyuso zimejaa furaha hadi zinataka kupasuka. Wachezaji wetu walisimama wakishangaa. Nahodha alimtazama Glenys, Glenys, ambaye Gavan alikuwa amemwambia kwanza, akanyoosha kidole nyuma ya banda alikokaa Brodie, naye akaelewa kwamba honi zinamuumiza kijana kichwa.

Wapinzani walipofunga, gari moja lao lilipiga honi, na mwanamke wa kwao, sisi hatumjui, akashuka akaenda kumkemea dereva. Kisha taa zao nazo zikawaka. Nimetundika namba kwenye ubao ule miaka ishirini na sita, na sijawahi kujivunia watu kama nilivyojivunia saa ile, wetu na wao pia. Ilibidi nifute macho kwa glavu ili nisitundike namba kinyume.

Vijana walipigana. Sitasema uongo, nilidhani tutashinda. Katika robo ya mwisho tuliwafikia, tukawapita kwa pointi mbili. Zikiwa zimebaki dakika tatu mpira ulitua katikati ya mlundo wa wachezaji mbele ya goli letu, mahali ambapo Brodie angekuwa, na mchezaji wao akaupiga teke la kubahatisha likapita katikati ya nguzo. Sabini na tano kwa sabini na moja. King'ora kikalia.

Wachezaji wetu walianguka chini walipokuwa wamesimama. Glenys aliwapitia mmoja mmoja na maji, akiwapangusa nyuso kama watoto. Gavan akamfuata uwanjani. Watu wengi walikuwa wanatazama.

"Tumekosa kwa pointi nne," Gavan alisema.

"Najua kuhesabu."

"Angekuwepo tungeshinda."

"Huenda."

Gavan akavua kofia. "Nilikuomba uandike 'bega'. Nilitaka nikuambie mbele ya watu kwamba nilikuomba, na kwamba ulikataa, na kwamba ulikuwa na haki." Akaikunja ile kofia. "Zile keki zilikuwa za aibu, Glen."

"Keki zilikuwa nzuri," alisema Glenys. "Nilizila zote. Sasa shika ndoo hiyo, unisaidie, magoti yangu yamekwisha."

Akashika. Wakaendelea pamoja, mwenyekiti na ndoo, mhudumu na chupa, mpaka mchezaji wa mwisho akanyanyuka.

Brodie alikaa bila kazi mpaka karibu na Krismasi, maana ilichukua wiki kumi na moja kabla hajaweza kusoma gazeti bila kichwa kumuuma. Daktari alimwambia kwamba pigo la pili katika wiki ile lingeweza kumwachia madhara mabaya zaidi ya hayo. Mwezi wa nne alirudi uwanjani na tukampokea kwa honi zote tulizokuwa nazo. Siku hizi akigongwa hasubiri kuulizwa, anatoka mwenyewe.

Na kila mwezi wa tatu, kabla ya ligi kuanza, ukumbi wetu hujaa wahudumu kutoka miji yote ya wilaya, wakiwemo wale waliotufunga. Hakuna aliyewaamuru. Walimwomba Glenys awafundishe jinsi ya kumtazama mtu aliyegongwa, jinsi ya kumuuliza, na zaidi ya yote jinsi ya kusimama imara wakati kocha, mwenyekiti na uzio mzima wanakupigia kelele. Anawafundisha kwa pai za nyama na matusi mengi kwa waamuzi. Nev hukaa nyuma akisema mpira umekwisha, na hakosi hata somo moja.

Wageni wakituuliza mwaka ule tulifika wapi, tunawaambia tulifungwa fainali kwa pointi nne. Tunasema vifua mbele, halafu tunawaonyesha yule mwanamke mfupi kwenye uzio, anayemuuliza mwamuzi kama ameacha macho yake nyumbani.